Biskuti za kukata: namna ya kuzipa umbo zikabaki nalo mpaka mezani

Mwezi wa pili wa mwaka mmoja, joto la kaskazi likiwa limekolea hapa Tanga, nilikata nyota 120 za biskuti kwa ajili ya shughuli ya kuvisha pete. Nilizikata saa saba mchana. Umeme ulikuwa umekatika, feni imesimama, na oveni yangu ya gesi ilikuwa inawaka tangu asubuhi. Nyota zilipoingia motoni kila moja ilikuwa na pembe tano zilizochongoka vizuri. Zilipotoka zilikuwa vidude vya duara vilivyotandazika, vingine vimegandana na jirani yake. Ladha ilikuwa nzuri, lakini wenye shughuli walikuwa wamelipia nyota. Nikaanza upya saa nne usiku.

Tangu hapo nimeoka biskuti nyingi, za harusi, za Idi na za kuuza, na kila anayeniuliza namna ya kukata biskuti zikatoka na pembe zake namwambia neno moja: donge liwe baridi unapolikata, na liwe bado baridi linapoingia motoni. Kikatio gani, unene gani, mkono upi, hayo yanakuja baadaye.

Sababu yake ni siagi. Kwenye nyuzi 18 hadi 20 za Sentigredi siagi inakuwa laini ya kuacha alama ya kidole. Ikifika nyuzi 32 hadi 35 imeshayeyuka. Sasa mchana wa Januari mpaka Machi kwetu nyuzi 32 ni jambo la kawaida, na jikoni penye moto panazidi. Maelezo yanayokuambia uache siagi mezani saa nzima ilainike yaliandikwa kwa watu wa nchi za baridi. Ukiyafuata hapa utakuta mafuta kwenye bakuli. Ndugu zangu walioko Lushoto, kule juu kwenye mita 1,400 hivi, wana shida iliyo kinyume na yetu: asubuhi siagi yao inakataa hata kijiko. Tunatumia vipimo vilevile, lakini kazi ya mezani ni tofauti kabisa.

Biskuti baridi ikiingia motoni, kingo zake zinaanza kukauka na kushika kabla siagi ya ndani haijayeyuka yote. Iliyoingia na siagi iliyokwisha kuyeyuka haina cha kuishikilia, inatandaa papo hapo.

Kwa hiyo mimi nakanda usiku, donge linalala kwenye friji, na nakata baada ya swala ya alfajiri, kabla jua halijapiga ukuta wa jiko. Msimu wa kusi, Juni mpaka Agosti, hata saa nne asubuhi unaweza kukata bila taabu.

VIPIMO

Hivi vinatoa biskuti 55 hivi za upana wa sentimita 6 na unene wa milimita 5:

Unga wa ngano gramu 500
Siagi gramu 250
Sukari iliyosagwa laini gramu 180
Yai 1
Iliki iliyotwangwa, kijiko 1 cha chai
Chumvi, robo kijiko cha chai

Sukari ya kawaida isage kwenye blenda mpaka iwe kama unga, au nunua ile iliyosagwa tayari. Usipuuze hili. Chembe kubwa za sukari zinayeyuka motoni na kuifanya biskuti itandae, kwa hiyo maua na nyota zinataka sukari laini.

Siagi ninayosema ni ya maziwa. Kama asilimia 80 yake ni mafuta, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni maji. Majarini ya kupaka kwenye mkate inafanya kazi, na wengi wetu tumekulia kwenye biskuti zake, ila ni laini zaidi na nyingi zina maji mengi kuliko siagi. Ukiitumia, punguza yai, weka kiini peke yake, na ulilaze donge muda mrefu zaidi.

Utaona sijaandika baking pauda. Kwa biskuti za kukata siitii. Inaiinua biskuti, na ikishainuka inapoteza mistari. Kwa nankhatai, zile biskuti za samli, ndiyo, nitafika huko.

Unga ukiwa ni ule wa chapati, wenye kuvutika sana, toa vijiko vinne vya chakula vya unga kwenye zile gramu 500, weka vijiko vinne vya wanga wa mahindi. Biskuti itamomonyoka vizuri mdomoni badala ya kuwa ngumu kama mkate mkavu. Iliki mimi napenda ile ya Amani, nainunua ikiwa kwenye maganda yake na kuitwanga mwenyewe siku ya kazi. Na msimu wa machungwa ya Muheza nakwangua ganda la chungwa moja ndani ya sukari. Kwangua ile rangi ya juu tu. Ukigusa nyeupe yake uchungu utausikia mpaka mwisho wa kopo.

KUKANDA

Toa siagi kwenye friji, ikate vipande vidogo, iache dakika kumi tu. Ukibonyeza kidole kiingie kwa shida kidogo. Isage pamoja na sukari kwa mwiko mpaka ichanganyike na iwe laini, lakini usiipige mpaka iwe nyeupe na kuvimba kama ya keki. Hewa nyingi itaivimbisha biskuti motoni, kisha itaanguka na kutandaa. Tia yai na iliki, changanya. Mwaga unga na chumvi kwa pamoja, changanya kwa ncha za vidole mpaka lishikane donge moja. Hapo acha. Kadiri unavyozidi kukanda unga wa ngano ndivyo unavyozidi kuvutika, na biskuti ya unga uliokandwa sana inajikunja motoni na kuwa ngumu.

Donge likipasuka ukilikusanya, kijiko kimoja cha maziwa baridi kinatosha. Likinata mkononi usikimbilie unga. Mara nyingi ni joto tu linalolinatisha. Lipeleke kwenye friji nusu saa kisha ulitazame tena.

KULAZA

Watu wengi hulifinyanga donge kama mpira na kuliweka kwenye friji hivyohivyo. Kesho yake nje ni jiwe, ndani bado ni laini, na kulisukuma ni vita. Ligawe mara mbili. Kila nusu libonyeze liwe bapa, unene wa kidole, lifunge vizuri lisipigwe na upepo wa friji, liache saa moja au usiku mzima. Saa moja inatosha siagi kuganda na unga kupumzika. Usiku mzima iliki inakuwa imekolea vizuri.

Zipo nyumba zisizo na friji, na hata penye friji umeme unaweza kukatika usiku. Hapo nunua barafu za mtaani, zipange kwenye sinia la kina, zifunike kwa sinia bapa la aluminiamu, donge liweke juu yake likiwa limefungwa na ulifunike kwa bakuli. Baada ya nusu saa ligeuze. Sinia hilohilo la barafu utalitumia pia wakati wa kukata, kwa kuweka kibao chako juu yake.

KUSUKUMA

Zamani tulisukumia katikati ya mifuko ya nailoni. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku nchini Juni 2019, nilihamia kwenye karatasi ya kuokea, na sasa nisingerudi nyuma. Weka donge katikati ya karatasi mbili, sukuma juu ya karatasi. Hutahitaji kunyunyiza unga mwingi, ambao ndio unaofanya biskuti za mwisho ziwe ngumu kuliko za mwanzo, na ukimaliza unaubeba mkate wote, yaani donge lililokwisha kusukumwa, ukiwa kwenye karatasi yake na kuurudisha kwenye friji bila kuukunja.

Anza katikati, sukuma kwenda nje, inua mti wa kusukumia, rudi katikati. Kila baada ya misukumo mitatu minne zungusha karatasi robo duara. Anayezoea chapati atasukuma kwenda na kurudi, na matokeo yake katikati kunakuwa kwembamba na pembeni kunabaki kunene. Chapati inasamehe. Biskuti nyembamba itaungua wakati jirani yake mnene bado mbichi.

Kuhusu usawa wa unene, nina kifaa kimoja ambacho ningemshauri kila mtu awe nacho. Nenda kwa fundi seremala, mwombe akupasulie vijiti viwili vya mbao, urefu wa futi moja, unene wa milimita 5 sawasawa, avipige msasa. Viweke kushoto na kulia kwa donge, na mti wako wa chapati utembee juu ya vijiti hivyo. Ukifika mahali mti unaviringika juu ya mbao bila kusukuma chochote, umemaliza, na hakuna kona iliyozidi nyingine. Milimita 5 ni kwa biskuti za chai. Zile za kupambwa kwa sukari ya rangi nazitaka milimita 6 au 7. Chini ya milimita 4 usiende mpaka mkono uzoee.

Mkate ukishakuwa bapa, usikate. Urudishe kwenye friji na karatasi yake, dakika 15 hadi 20. Najua mtu akiwa na haraka hapa ndipo anapotaka kuruka. Ndipo nilipoharibu zile nyota 120.

KUKATA

Utajua mkate uko tayari ukiinua kona ya karatasi na mkate ukainuka nao umenyooka kama kadibodi, bila kulegea. Toa karatasi ya juu, irudishe juu yake kwa ulegevu, pindua mkate wote, kisha toa ile iliyokuwa chini na usiirudishe. Sasa mkate haujagandana na karatasi upande wowote, na biskuti zitang'oka kirahisi.

Kuhusu kikatio. Bibi yangu, aliyekaa Ngamiani, alikata kwa glasi ya chai maisha yake yote, na glasi inafaa, lakini itazame vizuri: mdomo wake ni wa mviringo na mnene. Haukati, unabonyeza, na ukingo wa biskuti unakuwa umelala badala ya kusimama. Bati jembamba linakata kwelikweli. Kopo dogo la nyanya, lililotolewa vifuniko pande zote mbili na kusafishwa, linatoa duara zuri la kunywea chai, ila mpe fundi bati akulainishie ukingo wa juu usikuchane kiganja. Fundi bati huyohuyo atakutengenezea mwezi, nyota, samaki, hata herufi za majina ya maharusi. Mpelekee mchoro kwenye karatasi na kopo safi la maziwa ya unga. Mwambie ukanda uwe na kimo cha sentimita 2 angalau, la sivyo vidole vyako vitagusa biskuti, na maungio ayafanye upande ulionyooka, yasikae kwenye kona.

Chovya ukingo wa kikatio kwenye unga mkavu, kigonge kidogo unga wa ziada udondoke, bonyeza wima mpaka uhisi kimegusa karatasi, inua wima. Ndivyo hivyo tu, na bado ndipo wengi wanapokosea.

Mtoto wa kaka yangu alikuja likizo ya Desemba kujifunza. Nikampa mkate mmoja, mimi nikachukua wa pili. Alipokata ya kumi hivi akanionyesha.

"Shangazi, mbona za kwangu zimepinda upande mmoja?"

Nikaichukua moja nikaiinua usawa wa dirisha, mwanga upite. Ukingo wake ulikuwa na mikwaruzo ya kuzunguka, kama skrubu, na upande mmoja unga ulikuwa umevutwa nje kama ulimi.

"Unazungusha mkono, mama. Kata tena nikuone."

Akakata. Kweli, mwishoni kiganja kiligeuka kidogo, kama mtu anayefunga kifuniko cha chupa. Hakujua kama anafanya hivyo. Nikamwekea kiganja changu juu ya cha kwake, tukabonyeza pamoja, tukainua pamoja. Biskuti ikabaki kwenye karatasi, ukingo umesimama, laini kama umekatwa kwa wembe. Za baada ya hapo zote zilitoka sawa. Kwa hiyo ukiona biskuti zako zimepinda, kabla hujalaumu oveni, tazama kiganja chako.

Anza kukata pembeni kabisa mwa mkate, ukielekea katikati, na ziweke karibukaribu. Duara zikipangwa safu juu ya safu kama vigae, karibu asilimia 21 ya mkate inabaki nje. Ukizipishanisha, kila duara likikaa kwenye bonde kati ya mawili ya safu ya chini kama nyuki wanavyojenga masega yao, kinachobaki katikati yake ni kama asilimia 9 tu. Kwa mtu anayeoka za kuuza, hiyo ni biskuti kadhaa kila mkate. Maumbo yenye pembe yageuze moja juu moja chini, ncha ya hii iingie kwenye shingo ya ile.

Ukishakata zote usiziinue. Inua mabaki yaliyo katikati yake. Biskuti inayobebwa kwa vidole inavutika, mwezi unanyooka, samaki anapinda mkia. Ondoa mabaki, na kama karatasi inaenea kwenye trei, ibebe yote na biskuti zake. Kama kuna moja inabidi ihamishwe, pitisha kisu kipana chini yake.

Zile za ncha nyembamba, kama mwezi mwandamo wa Idi, zina tabia ya kuungua nchani kabla ya tumbo kuiva. Ncha ya mwezi wako mwambie fundi aifanye butu kidogo, kama ncha ya kidole. Ukiutazama mezani bado ni mwezi.

Kama huna kikatio na hutaki kuwa nacho, chukua kisu kirefu na rula. Kata mistari iliyonyooka, kisha mistari mingine ya mshazari, upate umbo la kashata. Hakuna mabaki hata kidogo isipokuwa pembezoni. Bonyeza kisu chini mara moja, usikikokote, maana kisu kinachokokotwa kinachana. Chomachoma kila biskuti kwa uma mara mbili ili mvuke upate pa kutokea. Kwa kweli hizi ndizo ninazooka nyumbani kwa watoto, maana zinaisha haraka na sina muda wa kukata maua kila wiki.

Mabaki yakusanye kwa kuyapanga moja juu ya jingine na kuyabonyeza, usiyakande upya kama chapati. Yalaze dakika 20, sukuma, kata. Ukifika mara ya tatu unga umeshachoka na umevutika. Hayo ya mara ya tatu mimi nayaviringisha vidonge vidogo, naviponda kwa uma na kuvioka vya kuonja.

Mwisho wa kukata, trei nzima na biskuti zake iingie kwenye friza dakika 10 hadi 15. Kama friza haitoshi trei, tumia sinia dogo na ugawe kazi.

GOGO LA KUKATWA KWA KISU

Hii ndiyo ninayompendekezea mtu anayeanza, au anayeishi nyumba yenye jiko dogo lisilo na meza ya kusukumia. Donge lilelile liviringishe liwe gogo la unene wa sentimita 4 hadi 5. Litembeze juu ya ufuta uliokaangwa au nazi kavu iliyokunwa laini. Nazi mbichi, hata ile tamu ya Pangani, haifai hapa mpaka uianike au uikaange ikauke, maana maji yake yatalegeza ukingo. Lifunge kwa karatasi, pindua ncha zake kama pipi, liweke kwenye friji saa mbili au zaidi. Kwenye friza linakaa hata miezi miwili. Mgeni akibisha hodi unakata unazohitaji na kurudisha lililobaki.

Gogo likilala kwenye friji linapata kitako bapa upande wa chini. Kwa nusu saa ya kwanza lizungushe kila dakika kumi, au lilaze ndani ya kopo refu la duara. Unapokata, kisu kiwe chembamba na kikali, biskuti unene wa milimita 6 au 7, na kila baada ya vipande vitano lizungushe gogo robo duara, la sivyo uzito wa kisu utalibana na vipande vya mwisho vitakuwa mayai.

NANKHATAI

Hizi hazikatwi, zinafinyangwa. Zina asili ya Gujarat, na Surat ndiyo inayotajwa zaidi kuwa kwao, lakini hapa pwani zimekaa na kahawa yetu kiasi kwamba hakuna anayeziona ngeni. Samli gramu 200, sukari laini gramu 150, unga wa ngano gramu 250, semolina gramu 50, baking pauda nusu kijiko cha chai, iliki na kungumanga kidogo. Zinatoka 30 na ushei.

Joto letu hapa nalo linaingilia. Samli kwetu ni ya kumiminika, na ukiichanganya hivyo nankhatai zitakuwa chapati. Iweke kwenye friji mpaka igande nyeupe, kisha ipige na sukari mpaka iwe kama krimu. Changanya vilivyobaki, lilaze donge nusu saa. Pima vidonge vya gramu 20, kila kimoja ukiviringishe kati ya viganja mpaka kisiwe na ufa hata mmoja. Ufa wa mkononi unakuwa mpasuko mkubwa motoni. Ile mipasuko midogo mizuri ya juu inakuja yenyewe, huitengenezi wewe. Ukiviringisha kumi, nawa mikono kwa maji baridi na ujifute, kwa sababu viganja vyenyewe vina joto la kuyeyusha samli. Bonyeza katikati kwa kidole gumba, kina kisizidi nusu, weka lozi au korosho.

Ukitaka nakshi, tumia ulichonacho: uma uliobonyezwa mara mbili kwa msalaba, au mgongo wa chujio jipya la chai lenye waya. Chovya kwenye unga kwanza.

Za mashine nitasema kwa ufupi. Ile mashine ya kukamulia, au ya kusagia nyama yenye bati la nakshi, inataka donge laini ambalo halijalazwa, na trei iwe baridi bila mafuta wala karatasi, ili unga ushike chuma na kukatika. Ukipaka mafuta unga utaifuata mashine juu na hutapata hata moja.

MOTO

Oveni nyuzi 170, ipate moto dakika 15 kabla. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya biskuti. Za milimita 5 zinachukua dakika 11 hadi 13. Toa wakati kingo zimeanza rangi ya dhahabu na katikati bado kuna weupe; zitaonekana laini, zinakauka zikipoa. Weka za ukubwa mmoja kwenye trei moja. Na usipange biskuti baridi kwenye trei iliyotoka motoni sasa hivi, maana siagi itayeyuka kabla hujafika kwenye mlango wa oveni. Kuwa na trei mbili, au ipoze kwa maji na kuifuta.

Kwa mkaa, chukua sufuria pana na zito, weka mchanga mkavu chini, kisha kitako cha kuinulia sinia. Ipashe moto kwanza. Mkaa wa juu ya kifuniko uwe mara mbili ya wa chini, na uutawanye usikae katikati peke yake. Oka biskuti moja ya majaribio. Ikiungua tako wakati juu ni nyeupe, punguza mkaa wa chini na upalie wa juu. Biskuti moja iliyoharibika ni nafuu kuliko sinia zima.

Zikitoka, ziache kwenye trei dakika tano kabla ya kuzigusa, kisha zihamishie kwenye wavu zipoe kabisa. Zikiwekwa kwenye kopo zikiwa na vuguvugu zinatoa jasho na zinalegea kabla ya jioni. Masika unyevu wa hewa yetu unaingia hata kwenye kopo zuri, kwa hiyo chini yake naweka mchele mkavu kwenye kitambaa kilichofungwa fundo, karatasi juu yake, ndipo biskuti. Zikilegea hata hivyo, zirudishe kwenye oveni nyuzi 150 kwa dakika tano, zipoe, zitavunjika tena kwa mlio uleule.